Darubini Iliyokataa Kushika Sifuri

Wenzangu mliobaki karakana ya Gitega mmeniomba niwaandikie namna ya kushughulika na darubini ya bunduki inayokataa kushika sifuri. Nadhani mlitarajia ukurasa mmoja. Mnisamehe. Siwezi kuueleza ugonjwa huo bila kumtaja Onesimo, askari wa hifadhi kule Buhinyuza, mkoani Muyinga, ambaye nusura anyang'anywe bunduki aliyoitunza miaka mingi, kwa sababu kila mtu, na yeye mwenyewe akiwemo, aliamini kwamba macho yake yamekwisha. Nitamfikia. Lakini haraka haraka haina baraka, nianze nilikoanzia.

Mimi ni binti wa fundi saa. Baba alikuwa na meza yake barazani hapa Gitega, na nilijua kufungua saa ya mkono kabla sijajua kusonga ugali usio na madonge. Mama alilalamikia jambo hilo hadi siku ya ndoa yangu, na mume wangu akaendelea pale mama alipoishia. Karakana ilipotafuta mtu mwenye mkono mwepesi, baba alinipeleka kwa Mzee Bukuru, akamwambia tu kwamba huyu haangushi vitu. Nilivaa kitenge changu kizuri, nikidhani nitakabidhiwa chombo.

Nilikabidhiwa ufagio na chekecheo. Desturi ya karakana ilikuwa hiyo: mgeni hufagia sakafu, kisha huchekecha vumbi lote, maana skrubu za darubini ni ndogo kuliko punje ya ulezi na zikianguka hazisemi zimekwenda wapi. Wiki nzima sikugusa kingine. Siku moja ikabaki kwenye chekecheo skrubu moja nyeusi, nikampelekea Mzee Bukuru. Aliiweka kiganjani, akaitazama kwa kioo chake kama mtu aliyepata barua ya ndugu.

"Iyi vis nimeitafuta tangu mke wangu iko hai," akasema. "We binti, kesho unakaa hapa pembeni yangu."

Nilikaa pembeni yake mpaka alipostaafu, na kila nilichokijua baada ya hapo nilikijua kwa mkono wake. Namshukuru leo, ingawa yuko chini ya udongo wa Ryansoro tulikomzika, na ingawa alikuwa na tabia ya kunywa chai yangu akiisahau yake.

Karakana yetu ilipokea kila chombo chenye kioo: hadubini za zahanati, vyombo vya wapima ardhi, na darubini za askari wa hifadhi. Hizi za bunduki ndizo zilizonisumbua kuliko zote. Ndani yake kuna alama ya msalaba, na kushika sifuri maana yake ni kwamba pale msalaba unapokaa, ndipo kinachorushwa kinapofika. Mimi Mwislamu nimekula mkate wangu kwa kutazama msalaba, na shehe wetu hajawahi kuniuliza lolote. Juu ya mgongo wa darubini na ubavuni kuna vigurudumu viwili vya kuzungusha kwa vidole, ambavyo kwa Kifaransa cha karakana tuliviita moleti. Moleti ya juu hupandisha na kushusha, ya ubavuni hupeleka kushoto na kulia.

Askari akiona bunduki haipigi anapolenga, hukimbilia moleti. Anazungusha, anapiga, anazungusha tena, mpaka zinafika mwisho na hazizunguki. Ndipo anatuletea na kusema moleti ni mbovu. Mzee Bukuru alinifundisha kuziacha moleti hadi mwisho kabisa. Anza na skrubu zinazoshika kitako cha darubini juu ya bunduki, ujaribu kila moja kwa bisibisi inayoienea. Kisha pete zinazoikumbatia darubini. Kisha umwulize aliyeileta imeanguka lini. Atasema haijaanguka, nawe usibishane naye, tafuta tu pale ilipobonyea. Darubini nyingi nilizoponya hazikuwa na ugonjwa wowote ndani, zilikuwa zimefungwa vibaya.

Kutoka Gashoho iliwahi kuja moja iliyohama sifuri kila ikipigwa. Nilifungua pete, nikakuta ndani vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vimekatwa kwa ustadi kabisa. Askari alitaka isichezecheze wala kukwaruzwa. Mrundi akiona kitu kinacheza, mkono wake unakwenda kwenye mpira wa baiskeli. Ndio unaofunga mzigo wa ndizi, mlango wa banda na redio ya mezani. Lakini darubini iliyolala juu ya mpira ni mtu aliyelala juu ya godoro jipya, kila akigeuka anaamka mahali pengine. Nilitoa mpira, nikakaza chuma kwa chuma, ikapona. Mpira nilimrudishia mwenyewe, maana alikuwa ameupenda.

Somo jingine la mzee ndilo lililomwokoa Onesimo. Zahanati moja ya Muyinga ilikuwa ikituletea hadubini iliyotikisika, tukiipima Gitega imetulia, tukiirudisha inatikisika. Nilikasirika, nikasema wale watu hawajui kutazama. Mzee Bukuru akafunga sanduku lake.

"Chombo inaugulia kwao," akasema. "Haiugulie hapa kwangu. Alors, twende kwao."

Tulipofika tulikuta ukutani, upande wa pili wa meza ile, kuna mashine ya kusaga mahindi. Tukahamisha meza. Sikuwahi tena kusema watu hawajui kutazama kabla sijalala walikolala wao.

Sasa Onesimo. Hapa nilikuwa nimebakiza muda mfupi kazini. Alikuja karakana pamoja na Dokta Claudine, daktari wa wanyama wa hifadhi, wameibeba bunduki ya kulazia wanyama. Bunduki hiyo hairushi risasi, hurusha sindano ya dawa. Sindano ni nzito na haina mbio, hushuka upesi, kwa hiyo mpigaji hukadiria umbali kwa macho, kisha hupandisha moleti ya juu kulingana na umbali huo kila anapopiga. Mbogo mmoja mwenye waya wa mtego mguuni alikuwa ametoka hifadhini, kila alfajiri akiingia kwenye maharage ya watu wa Buhinyuza. Maumivu yalikuwa yamemfanya mkali. Watu walikuwa hawaendi tena mashambani, na vijana walikuwa wakinoa mikuki. Dokta alitaka kumlaza, kumtoa waya na kumrudisha alikotoka. Onesimo alikuwa amempiga mara kadhaa, na kila mara sindano ilikwenda chini, ikaingia ardhini.

Kilichokuwa kimewachanganya ni hiki: alasiri, wakiijaribu bunduki kituoni, Onesimo alipiga katikati ya ubao bila shida. Asubuhi mbele ya mbogo, alikosa. Mkuu wa kituo alikuwa ameshaamua kwamba mwanga hafifu wa alfajiri unayashinda macho ya Onesimo, na kwamba nikisema darubini ni nzima, bunduki itakwenda kwa mwingine na yeye atahamishiwa getini kufungua kamba ya kuzuia magari.

Nilifunga darubini kwenye jiliwa, nikaielekeza kwenye ubao wenye mistari ulio upande wa pili wa ua. Mnalijua zoezi hilo: unapandisha msalaba, unaupeleka kulia, unaushusha, unaurudisha kushoto, na ukiwa mzima unakaa pale pale ulipoanzia. Ilikuwa mchana wa jua kali. Msalaba ulitembea kwa adabu, mstari kwa mstari, ukarudi nyumbani. Nilirudia. Nikatikisa pete, nikajaribu skrubu. Hakuna kitu.

Onesimo alikuwa amesimama mlangoni akiniangalia mikono. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, aliyekulia Kigoma kando ya ziwa kabla ya kurudi Burundi, na alikuwa ameniamkia shikamoo, jambo ambalo sisi wa Gitega hatukulizoea sana, tukaishia kumpa bonjour.

"Mama Asha," akasema, "kama ni macho, niambie mimi kwanza kabla hujamwambia mkuu. Baba yangu alipofuka akiwa na umri huu huu. Nitaelewa."

Nilimwambia sijui bado. Nilikuwa na karatasi ya kujaza mbele yangu, ningeweza kuandika kwamba ni nzima nikaenda kunywa chai. Nikamkumbuka Mzee Bukuru na mashine yake ya mahindi. Nikamwomba Dokta Claudine nafasi kwenye gari lao.

Buhinyuza nililala kwa Onesimo. Mkewe alinipikia sombe, kisamvu kilichonona mafuta, na tulipobaki wawili jikoni akanieleza mambo ambayo mumewe asingenieleza. Onesimo alikuwa ameanza kujifunza upofu. Jioni alitoka nyumbani hadi zizini amefumba macho, akipapasa ua kwa fimbo, ili siku ikifika asisumbue watu. Alikuwa ameshamkabidhi shemeji yake baiskeli. Mama huyo alinieleza huku akipuliza moto, na moshi ukawa kisingizio kizuri cha machozi yetu wote wawili.

Kulipokucha kulikuwa na ukungu na baridi ya kuuma vidole. Tulifunga bunduki kwenye nguzo ya ua, nikaweka ubao wangu mbali kidogo, nikaanza zoezi lile lile. Nilipozungusha moleti ya juu upande wa kushusha, msalaba ulitii. Nilipozungusha upande wa kupandisha, moleti ililia tik, tik, tik kama kawaida yake, vidole vikahisi kila mlio, na msalaba ukabaki pale pale. Nikaigonga darubini taratibu kwa mpini wa mbao wa bisibisi. Msalaba ukaruka kwa mpigo mmoja, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini.

Sikilizeni hapa, maana hiki ndicho mlichoniomba. Ndani ya darubini kuna mrija mdogo uliobeba msalaba. Moleti ikizungushwa upande mmoja, skrubu yake huusukuma mrija, utake usitake. Ikizungushwa upande wa pili, skrubu hurudi nyuma, na kazi ya kuufanya mrija uifuate ni ya springi. Skrubu hulazimisha, springi huomba. Kwa hiyo darubini inayotii upande mmoja na kukataa upande wa pili, usiilaumu moleti. Nenda ukatazame kinachoizuia springi.

Nilimwita Onesimo anishikie sahani, nikafungua kofia ya moleti ya juu. Chini yake kulikuwa na mafuta yaliyoganda, mekundu. Nilifungua zaidi, nikayakuta yameteremka mpaka kwenye springi, yameizunguka yote. Sikuhitaji kioo. Pua ilitosha, kwa sababu harufu ile ile ilikuwa kwenye sombe ya jana.

Onesimo aliitazama sahani. Kisha akaniambia bila kuulizwa. Mafuta ya bunduki yalikuwa yamekwisha kituoni tangu mwanzo wa mvua, naye hakutaka moleti zishike kutu. Kule Kigoma mama yake alitia mawese kwenye makufuli, kwenye bawaba, kwenye cherehani, na hakuna kilichowahi kukwama. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa alifungua kofia, akatia tone, akafunga. Mapenzi matupu. Ila Kigoma ni chini kando ya ziwa, kuna joto, na mawese hukaa maji mwaka mzima. Huku kwenye vilima vya Muyinga alfajiri yanaganda, mchana yanayeyuka. Ndiyo maana alasiri bunduki ilimtii, na Gitega saa sita ya jua ilinitii mimi.

"Basi siyo macho," akasema.

"Siyo macho."

Alikaa chini kwenye majani yenye umande. Furaha ilimjia, nikaiona, kisha nikaona hofu nyingine ikija nyuma yake. Maana sasa mkuu angeuliza mafuta yalitoka wapi. Mtu mwenye macho mabovu anahurumiwa. Aliyetia mboga kwenye chombo cha serikali hahurumiwi. Nilimwambia naweza kuandika kwamba mafuta yaliganda kwa baridi, na hilo lingekuwa kweli tupu. Alitikisa kichwa.

Mkuu wa kituo alikuja na Dokta Claudine. Kabla sijafungua mdomo, Onesimo alisimama wima. "Mkuu, mafuta ni yangu. Nilitia mawese mwenyewe, kwa mkono huu."

Mkuu aliinusa sahani. "Mawese? Mawese ya sombe?" Alikuwa mtu wa Muyinga mjini, hasira zake hazikuwa na haraka. "Donc mi niko naandika huyu mzee haone, kumbe iko anapikia bunduki." Kisha akasema bunduki ingemfaa mtu anayeuliza kabla ya kutia.

Dokta Claudine ndiye aliyejibu, na kwa jibu hilo namheshimu mpaka leo. "Chef, kutia mafuta mtu anafundishwa asubuhi moja. Kupima umbali kwa macho iko miaka mingi. Mi sindano yangu siwezi kuipa mwingine."

Mkuu alinirudishia sahani. Akasema haya, mara moja tena, kesho. Akikosa, bunduki anaiacha, iwe ni macho, iwe ni mafuta, iwe ni shetani.

Siku ile nzima nilisafisha. Petroli safi, pamba, kukausha, halafu petroli tena, maana mawese yakiingia mahali huwa na tabia ya mgeni asiyeaga. Nilipaka mafuta yangu mwenyewe ya karakana, kidogo sana, kiasi cha kuona aibu kukiita kupaka. Mafuta ndani ya darubini ni kama chumvi, mkisahau yote niliyoandika kumbukeni hilo. Onesimo alikaa nami akishika sahani ya skrubu, na haikupotea hata moja. Nikamwonyesha pia hadhari ya Mzee Bukuru: ukipandisha, pitiliza kidogo kisha urudi, halafu gonga kwa mpini, ili skrubu ndiyo imalize kazi na siyo springi.

Kesho yake ukungu ulipoanza kuinuka mbogo alikuwepo, amesimama ndani ya maharage, mguu wa nyuma ameuinua. Sisi tulibaki ukingoni juu ya kilima. Onesimo alisogea mbele akainama nyuma ya kichuguu. Nilimwona akitazama, akikadiria. Akazungusha moleti, akapitiliza, akarudi, akagonga kwa kidole. Nilikuwa nikisoma dua zote nilizozijua, na nilizisoma kwa ajili yake, siyo kwa ajili ya darubini. Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu amepiga chafya. "Bega!" akasema Dokta, na kijiti chekundu cha sindano kilikuwa kimesimama begani mwa mbogo.

Alikimbia, akazunguka, akapunguza mwendo, akapiga magoti kama ng'ombe anayelala. Dokta na askari wengine wakateremka mbio na koleo la kukatia waya, mkuu akiwa wa kwanza. Watu wakaanza kutokea migombani. Onesimo hakwenda. Alinirudishia bunduki mkononi, akaja kukaa karibu nami kwenye jiwe, akatazama ng'ambo ya bonde, vilima vya mbali upande wa Tanzania ambako jua lilikuwa limeshafika.

"Kule kuna mama anaanika mihogo juu ya mwamba," akasema. "Ana kilemba cha njano. Unamwona?"

Nilitazama. Ukungu uliokuja kunitoa kazini ulikuwa umeshaingia machoni mwangu wakati ule, nilikuwa sijamwambia mtu. Cha karibu nilikiona vizuri, na ndani ya darubini nilizungusha kioo cha jicho nikaona. Lakini kilima kile kwangu kilikuwa kijani tupu, bila mama, bila mwamba.

"Namwona," nikasema.

"Na mbuzi wawili pembeni. Mmoja mweusi."

"Nawaona."

Akaendelea. Alinitajia moshi wa jiko, bati jipya la nyumba, mtoto aliyebeba kitu kichwani, mti uliokatwa tawi. Alikuwa analia wazi, hajifichi, na hakuacha kutaja. Niliushika mkono wake, nikaitikia kila kimoja, nikimshukuru Mungu kwamba kati yetu wawili mmoja alikuwa anaona yote yale.